Jibu lilinijia nikiwa kwenye treni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 28, naishi Morogoro na mama yangu. Nina shahada ya ununuzi na ugavi niliyoisoma kwa mkopo wa bodi. Huu ni mwaka wa tatu natunza stoo ya mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi hapa mjini. Mkataba wa maandishi sina. Kila mwisho wa mwezi Mzee ananihesabia laki tano na ishirini mkononi, hakuna karatasi, hakuna makato.

Hivi karibuni niliitwa kwenye usaili Dar es Salaam, kampuni binafsi, nafasi ya afisa manunuzi. Nilimdanganya Mzee kwamba nakwenda hospitali, nikapanda treni ya umeme ya asubuhi kwa elfu kumi na tatu. Nilipofika getini nikapiga picha na kuiweka kwenye stetasi: "Dua zenu jamani, leo ndiyo leo."

Walinihoji watu watatu, Kiingereza kidogo na Kiswahili kingi. Mwanzo ulikwenda vizuri. Kisha baba aliyekaa katikati akaniuliza: umeshampa mzabuni oda, kesho yake anapiga simu anasema bei imepanda, utafanyaje? Shangazi, nilikauka. Nikasema nitamjulisha bosi wangu. Akasema "sawa", akaandika kitu. Sasa nikiwa kwenye treni narudi, ndipo jibu likanijia lote. Jambo hilohilo lilinikuta mwaka jana kwenye simenti, na nililimaliza mwenyewe! Mzabuni alipandisha bei, mimi nikatoa profoma yake, ile karatasi ya bei anayoitoa kabla ya oda, iliyoandikwa chini kwamba bei ni ya siku 30, na tulikuwa siku ya 12. Akashusha mifuko yote 400 kwa bei ya zamani, tena kwa kununa. Nilitamani treni irudi nyuma.

Wakaniuliza pia nataka mshahara kiasi gani. Nikasema chochote watakachoona kinafaa. Mama mmoja pale akatabasamu, akasema bajeti yao iko kwenye laki tisa. Nikasema asante sana. Wakaniaga kwa "tutakupigia ndani ya wiki mbili."

Leo ni siku ya 19. Simu nalala nayo kifuani. Nimepiga mapokezi mara nne; mara ya nne yule dada aliposikia sauti yangu tu akasema, "Dada, ukihitajika utaitwa," akakata.

Juzi ilipiga namba nisiyoijua. Mtu akajitambulisha kuwa anatoka ofisi ya rasilimali watu ya kampuni ile, akataja jina langu na siku niliyofanyiwa usaili, akasema nimechaguliwa, nitume 85,000 ya vipimo vya afya kabla ya saa kumi jioni. Nilikuwa nimeshaanza kuziingiza namba. Kilichoniokoa ni salio, maana nilikuwa na 61,000. Nilipomwambia hivyo akasema "basi tuma hiyohiyo." Hapo nikashtuka.

Mjomba wangu anafahamiana na dereva wa kampuni hiyo. Anasema bila kuweka chochote faili langu litabaki chini kabisa, nimpe laki mbili azifikishe. Mama naye ameshatangaza kikobani kwamba binti yake kapata kazi Dar, kila Jumapili naulizwa nahama lini.

Halafu kuna Mzee. Jumatatu aliniita, akaniambia anafungua duka la pili Kihonda, hapahapa Morogoro, na anataka mimi nikasimamie stoo na manunuzi yote ya huko, ataniongeza 80,000. Anataka jibu Jumamosi. Roho inanisuta kumkubalia mtu ambaye naweza kumwacha mwezi ujao. Tena kwenye wasifu wangu nilimwandika yeye kuwa mdhamini wa kwanza, kwa kuwa ndiye anayeijua kazi yangu, ila hajui kama nimeomba kazi popote.

Nisubiri, nikate tamaa, au nimkatalie Mzee?

Msubiri Simu, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniandikia mambo saba, na lililonishtua umelitia mwishoni kama mtu anayetaja mvua. Umemwandika Mzee kuwa mdhamini na hajui! Mimi nimekaa upande wa pili wa ile meza kwa miaka zaidi ya ishirini, katika ofisi tatu tofauti, na nakuambia wadhamini kwa kawaida hawapigiwi kabla ya usaili. Wanapigiwa baada yake, majina yakibaki mawili au matatu. Maana yake ni kwamba kila siku unayolala na simu kifuani, simu unayopaswa kuiogopa ni ya Mzee. Ikiita, atajua matatu kwa mpigo: kwamba unataka kuondoka, kwamba hukuwa hospitali, na kwamba umelitumia jina lake bila kumuuliza. La tatu ndilo litakalomuuma zaidi, nawajua wazee wa maduka.

Kwa hiyo kesho asubuhi utaandika barua pepe. Si kwa sababu mtu kakuambia baada ya usaili lazima kushukuru. Watu wanashauriana sana siku hizi kuhusu barua ya shukrani, na sina ugomvi nayo, adabu ni adabu. Lakini tusidanganyane: sijawahi kuona mtu aliyepewa kazi kwa kushukuru. Niliowaona wakipanda juu ni wale walioitumia barua hiyo kurekebisha kitu. Chumba cha usaili kinabana, mtu anasahau hata jina la chuo chake, na wanaohoji wanalijua hilo. Ukirudi na jibu ulilolikosa, fupi, lenye tarehe na idadi, unamkumbusha yule baba wa katikati kwamba lile "nitamjulisha bosi" halikuwa kipimo cha kichwa chako.

Wakati wake mzuri ulikuwa kesho yake ya usaili, ungali unanukia treni. Umechelewa, lakini bado una mlango: wao walisema wiki mbili, zimepita, kwa hiyo una haki ya kuuliza bila kuonekana king'ang'anizi. Kabla ya kuandika, mpigie aliyekusimamia ulipokuwa mafunzo kwa vitendo, au mwalimu aliyekusimamia utafiti wako, umwombe awe mdhamini wako. Muulize kwanza, jamani! Akikubali, andika kwenda anwani ileile iliyokuita kwenye usaili, kwa namna hii:

"Habari za kazi. Nawashukuru kwa kunisikiliza siku ya usaili wa nafasi ya afisa manunuzi. Niliulizwa ningefanya nini kama mzabuni angepandisha bei baada ya kupewa oda, na jibu nililotoa lilikuwa dogo kuliko uzoefu wangu. Mwaka jana nilisimamia oda ya mifuko 400 ya simenti. Siku ya 12 mzabuni alitaka kupandisha bei, nami nikamwonyesha profoma yake iliyodumu siku 30. Mzigo wote ulishushwa kwa bei ya awali. Nina ombi pia: mwajiri wangu wa sasa, niliyemtaja kuwa mdhamini, bado sijamjulisha. Naomba asipigiwe hadi tutakapofikia hatua ya ofa. Kwa sasa naambatanisha jina na namba ya mdhamini mwingine aliyewahi kunisimamia. Nitashukuru kufahamu uamuzi unatarajiwa lini."

Basi. Usiongeze "nipo tayari kwa kazi yoyote", usitaje mama yako, usitaje mshahara. Soma mara mbili, mpe mtu mmoja mwenye jicho aisome, itume. Kisha angalia pia lile kabati la barua taka kwenye simu yako, kila jioni, kwa sababu majibu ya makampuni yana tabia ya kuangukia humo.

Hilo la kabati lina kisa. Mimi kazi yangu ya kwanza niliikosa kwa sababu ya sanduku la posta. Miaka ile simu ya mezani mtaani kwetu ilikuwa moja, ya duka, na barua zangu zilikuwa zinapitia sanduku la shule aliyofundisha baba. Shule ikafungwa likizo, mwenye ufunguo akaenda kwao Songea. Sanduku lilipofunguliwa, barua ya kuniita kazini ilikuwa imelala humo wiki tano, na kiti changu kimeshakaliwa. Tangu siku hiyo sina imani na ukimya. Nilidhani wamenikataa, kumbe walikuwa wananiita. Usibadilishe laini, usiizime simu wala kuiacha bila chaji, na namba ngeni ipokee, ila pesa usitoe. Nitalirudia hilo.

Sasa nikufungulie mlango wa ile ofisi uone kinachofanyika humo. Baada ya usaili kila aliyehoji ana karatasi ya alama. Zinajumlishwa, wanagawanya, wanabishana. Kisha majina yanapelekwa kwa mkubwa, na mkubwa ana safari. Akirudi, mtu wa fedha anauliza kama nafasi hiyo bado iko kwenye bajeti. Mpaka hapo wiki mbili zimekwisha, na hakuna aliyekukosea. Kisha anapigiwa nambari moja, yaani aliyeongoza kwa alama. Nambari moja, kama wewe, ana kazi mahali. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayelipwa kwa mwezi na amepita mwezi wa kwanza kazini anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28. Anaomba afikirie. Anaomba aongezwe hela. Mwajiri wake wa zamani anambembeleza kwa nyongeza. Muda wote huo nambari mbili haambiwi kitu, kwa kuwa hakuna anayetaka kumwambia "umekosa" halafu wiki ijayo amrudie kwa aibu. Mimi mwenyewe nimewanyamazisha nambari mbili wengi, Mungu anisamehe. Tulikuwa tunaita "kumweka joto". Wengine tuliwapigia wiki ya saba, wakadhani ni utani.

Siku ya 19, basi, haina maana yoyote. Unaweza kuwa nambari mbili. Unaweza pia kuwa nambari tisa, na hiyo kampuni ni ya wale wasiojibu walioshindwa, nao ni wengi, na ni utovu wa adabu tu. Kwa nje mambo haya mawili yanafanana kabisa. Ndiyo maana hata ungepiga mapokezi mara arobaini usingejua. Yule dada wa mapokezi hajui lolote, karatasi za alama hazipiti kwake. Ila anajua sauti yako sasa, na ofisi nyingi mtu wa mapokezi huulizwa, "huyu aliyekuja Jumanne yukoje?" Mwache apumzike. Barua yako isipojibiwa kwa siku kumi, piga simu moja tu, uombe kuunganishwa na ofisi ya rasilimali watu, sema jina lako na nafasi uliyoomba, uliza kama uamuzi umefanyika. Wakisema bado, shukuru. Hutapiga tena.

Tuje kwa Mzee wa Kihonda, maana Jumamosi ni karibu. Mkubalie.

Najua roho inakusuta, na roho inayosuta ni dalili ya malezi mazuri, lakini hapa inasuta mahali pasipo na kosa. Ile notisi ya siku 28 imewekwa kwa ajili ya hali hii: mtu anafanya kazi kwa uaminifu mpaka siku anapoondoka, na anapoondoka anampa mwenzake muda wa kujipanga. Mzee naye akipata mwenye bei nafuu kuliko wewe hatasubiri uolewe. Huna ofa mkononi. Una sentensi moja ya watu watatu, "tutakupigia". Kumkatalia mtu mwenye hela taslimu kwa ajili ya sentensi, hapana. Akikuuliza utakaa muda gani, usiape, sema "nitaifanya kazi vizuri kwa muda wote nitakaokuwepo." Kuhusu hospitali, wapo watakaokuambia ukaungame. Mimi sikushauri, ila usirudie. Mara nyingine omba ruhusa ya "shughuli binafsi" na ufunge mdomo.

Tena usimkubalie bure. Jumamosi hiyo ndiyo siku uliyo na nguvu kuliko siku zote za miaka hii mitatu. Mwambie: Mzee, nimekubali, naomba tuandikiane. Mkataba utaje kazi yako, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, saa za kazi na malipo. Hayo sheria inamtaka ayaandike, si hisani. Mwombe akuandikishe NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Na cheo kiandikwe "msimamizi wa stoo na manunuzi". Hata hiyo kampuni ikikutupa, usaili unaofuata utakwenda na cheo hicho, ukiwa umenunua vitu vya duka zima kwa jina lako.

Sasa toa kalamu, kwa sababu hapa ndipo nilipokuonea huruma. Uliposikia laki tisa ulisema asante sana. Tuzikate hizo laki tisa, tukichukulia zote ni mshahara wa msingi. NSSF sehemu yako ni asilimia 10, yaani 90,000. Inabaki 810,000, ndiyo inayokatwa kodi ya mshahara. Kwa ngazi za kodi za Tanzania Bara, hadi 760,000 kodi yake ni 68,000, na zile 50,000 za juu yake zinakatwa asilimia 25, ambayo ni 12,500. Jumla ya kodi ni 80,500. Kisha bodi ya mikopo, ambayo umesema ulisoma kwa hela yake, inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 135,000. Kinachobaki mkononi ni 594,500.

Mzee kakuahidi nini? Laki tano na ishirini, ongeza elfu themanini. Laki sita kamili, maadamu hakati kitu.

Unaona? Unalala na simu kifuani kwa ajili ya pungufu ya 5,500, na bado hujalipa chumba Dar, ambako mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Sisemi Dar ni mbaya. Zile 90,000 za NSSF ni zako, na mwajiri anaongeza 90,000 nyingine, kwa hiyo kila mwezi kuna 180,000 inayoandikwa kwa jina lako mahali ambapo leo pana sifuri. Deni la bodi linapungua, na hilo deni halijakusahau kwa sababu tu Mzee hakati. Kampuni pia ina ngazi za kupanda, stoo ya Mzee ngazi yake ni Mzee. Ila uende ukijua unachokwenda kupata. Ukitaka karibu laki saba mkononi, kwa hesabu hiyohiyo unahitaji milioni moja na laki moja kwenye karatasi, ambayo inakuachia 699,500. Siku wakipiga na kusema umepata, hiyo ndiyo nafasi ya kuyasema haya, wala si kabla. Useme kwa upole: "Nimefurahi sana. Siku ya usaili sikutaja kiwango, nimekaa nimepiga hesabu ya makato na kuhama, naomba tuzungumze kwenye milioni moja na laki moja." Wanaweza kukataa. Wanaweza kukupa milioni. Sijaona ofa iliyofutwa kwa sababu mtu ameuliza mara moja kwa adabu, ila nimeona nyingi zilizofutwa kwa mtu kubishana kama yuko Mwenge kwenye vinyago.

Na wakisema umepata kwa simu, usimwage notisi kwa Mzee siku hiyo. Ngoja karatasi. Ofa iliyotiwa saini, yenye mshahara na tarehe ya kuanza, ndipo uandike notisi yako. Niliwahi kumwona kijana aliyeacha kazi Ijumaa kwa simu ya Alhamisi, na Jumatatu nafasi ikasitishwa kwa agizo la makao makuu. Alikuwa mtu mzuri sana yule kijana, sina hata la kumwambia mpaka leo.

Tapeli. Umejiuliza alijuaje jina lako na siku ya usaili? Uliyaweka mwenyewe kwenye stetasi, na geti la kampuni nyuma yako. Anayeiona stetasi yako anamwonyesha mwenzake, basi. Mwajiri anayetaka kukupima afya anakupa barua ya kwenda hospitali, hakupi namba ya simu ya mtu na saa ya mwisho. Na hakuna hospitali inayosema "basi tuma hiyohiyo." Kuna namba ya kuripoti, 15040: tuma namba ya huyo mtu huko. Halafu dua ombewa na mama yako, inatosha.

Mjomba. Mwambie hapana na usimweleze sana. Sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 haimwangalii mpokeaji peke yake, mtoaji naye yumo, na haijali kama ofisi ni ya serikali au ya mtu binafsi. Hata ukiacha sheria, fikiria: dereva hapangi alama za usaili. Laki mbili zako zitaishia kwa Mjomba, au kwa dereva, na hakuna hata mmoja wao atakayekuwa amemfikia yule baba wa katikati. Ningekuwa wewe ningemnunulia Mjomba soda.

Wengi mnaoniandikia kuhusu usaili wa serikali, haya ya barua pepe si yenu. Kule Sekretarieti ya Ajira hakuna wa kumshawishi baada ya usaili. Unaangalia akaunti yako kwenye mfumo wa ajira, na unasubiri tangazo la kuitwa kazini litoke na majina. Wapo wanaofaulu wakakosa nafasi kwa kuwa nafasi zilikuwa chache, wakawekwa kwenye kanzidata, kisha wakapangiwa baadaye nafasi ya aina hiyo ikipatikana. Kwa hiyo ukiona jina halipo mara moja usidhani umefeli, ila pia usikae bila kuomba nyingine ukiisubiri kanzidata. Na vyeti vyako halisi, kuanzia cha kidato cha nne, viwe mahali unapopafikia gizani, kwa sababu watu wakiitwa wanapewa siku chache za kuripoti.

Turudi kwako. Ukipata barua ya kukataliwa, ijibu. Mistari miwili: asante kwa kunijulisha, kama kuna eneo mliloona nijiimarishe nitashukuru kuambiwa, mkiwa na nafasi nyingine msinisahau. Hakuna anayejibu barua hizo, kwa hiyo anayejibu anakumbukwa. Mara mbili katika kazi yangu tulimwajiri mtu, akashindwa ndani ya kipindi cha matazamio, na tulipofungua faili kumtafuta aliyemfuata, jina la kwanza kumjia kila mtu kichwani lilikuwa la yule aliyejibu barua ya kukataliwa. Mmoja wao sasa ni mkuu wa idara.

Mitihani ya bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi hujaitaja kwenye barua yako. Kama hujaianza, hizo 80,000 za Mzee nimezipatia kazi. Kwenye usaili wako ujao watu wa manunuzi watakuuliza umefika ngazi gani ya bodi kabla hawajakuuliza unaitwa nani.

Mama yako mwambie akiulizwa kikobani aseme binti yangu anasimamia stoo ya Kihonda. Ni kweli, na ni habari mpya, watamwacha. Barua ikijibiwa, niandikie. Na niambie yule mzabuni wa simenti kama bado ananuna.

Shangazi